Kasisi wa Chiradzulu: Maisha ya John Chilembwe na usharika wake

Miaka kadhaa iliyopita nilipita Asumbi, kule Homa Bay, mahali ambapo jina lake laandamana na misheni kongwe ya Wakatoliki na chuo cha kufundishia walimu. Kando ya njia, mbali kidogo na majengo hayo makubwa, palikuwa na banda la mabati lenye mabenchi machache, na mwenyeji wangu akanambia kuwa hilo ni kanisa la Wabatisti. Nikamwuliza askofu wao akaa wapi. Akanijibu kuwa hawana askofu.

Kwa msomaji wa huku kwetu pwani ambaye hana sababu ya kujua madhehebu ya Wakristo, naomba nieleze kidogo. Wabatisti hawambatizi mtoto mchanga. Mtu hungojwa mpaka awe na akili zake, aseme kwa kinywa chake kuwa ameamini, kisha huzamishwa majini mwili mzima. La pili, kila usharika hujitawala wenyewe. Watu wake humchagua mchungaji wao, hujenga kwa mifuko yao, na hakuna mkubwa wa mbali awezaye kuleta barua ya kuwafungia mlango. Kwetu ni kama msikiti wa mtaa ambao wenyewe wamechanga, wakajenga, wakamteua imamu wao na kumlisha.

Jambo hilo ni dogo kwa kulisikia. Lakini lipeleke katika nchi ambayo mtu mweusi hakuachiwa kutawala kitu chochote, hata kofia iliyo kichwani mwake, nawe utaona lageuka kuwa jambo zito. Ndivyo ilivyokuwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, katika siku za kasisi John Chilembwe.

Alizaliwa takriban mwaka 1871 katika upande wa Chiradzulu, kusini mwa nchi hiyo. Husimuliwa kuwa baba yake alikuwa Myao na mama yake Mmang'anja. Wayao si wageni kwetu. Ndio waliokuwa wakiteremka Kilwa na pembe na watumwa, wakapanda bara na nguo, bunduki na dini. Makanjira, mfalme wao wa ziwani, alisilimu kiasi cha mwaka 1870, na vyuo vya Kurani vikaenea kando ya ziwa Nyasa vikisomeshwa na walimu waliotoka pwani ama waliosomea pwani. Wamang'anja, kwa upande wao, walikuwa katika wale waliokuwa wakikamatwa na kuteremshwa kwa minyororo. Basi ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, damu ya mshikaji na damu ya mshikwa zilikutana katika nyumba moja. Sisi tuliozaliwa katika miji hii ya mwambao twajua kuwa nyumba kama hizo ni nyingi, ila hatupendi kuzihesabu.

Kijana wa Chiradzulu wakati ule alikuwa na njia mbili za elimu: ya chuoni kwa mwalimu, na ya misheni ya Waskochi mjini Blantyre. Chilembwe akaishika ya pili. Akajifunza kusoma na kuandika, na Kiingereza kidogo.

Mwaka 1892 alifika nchini Mwingereza mmoja jina lake Joseph Booth. Alikuwa Mbatisti, amefiwa na mkewe, na amekuja na watoto. Chilembwe akamwendea kuomba kazi. Akawa mpishi wake, mlezi wa binti yake mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na homa, na mkalimani wake kila alipokwenda kuhubiri. Tarehe 17 Julai 1893 Booth akambatiza.

Booth alikuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mgumu wa kukaa na wenziwe, mwepesi wa kuanza jambo na mwepesi wa kuliacha, na wazungu wenziwe hawakumpenda kwa sababu alilipa vibarua wake vizuri zaidi na kusema hadharani kuwa Afrika ni haki ya Waafrika. Mwaka 1897 alikitoa kitabu chenye fikira hiyo. Serikali ikamwona kuwa mtu wa fitina. Mimi naona mtumishi ndiye aliyefaidika na bwana wake kuliko bwana alivyofaidika na mtumishi, kwani maneno ambayo Booth aliyasema akapita, Chilembwe aliyaweka moyoni yakakaa.

Mwaka huo huo wa 1897 wakasafiri pamoja kwenda Marekani kwa kupitia Uingereza. Huko wakaachana kwa wema. Chilembwe akachukuliwa na Wabatisti weusi wa Marekani, wajukuu na watoto wa watumwa, walioungana katika chama kikubwa kiitwacho National Baptist Convention. Wakamtia katika chuo chao cha Lynchburg, katika jimbo la Virginia. Tafakari, msomaji, aliyoyaona kijana huyu. Kwa mara ya kwanza aliona watu weusi wenye makanisa yao, vyuo vyao, magazeti yao na walimu wakuu wao. Na kwa wakati ule ule aliona sheria za kuwatenga weusi katika magari ya moshi na shule, na habari za watu kunyongwa mitini bila ya hukumu. Mwezi wa Novemba 1898, yeye akiwa mwanafunzi, wazungu wa mji wa Wilmington, katika jimbo jirani la North Carolina, waliwaua watu weusi na kuipindua serikali ya mji waliyokuwa na sehemu ndani yake. Hayo nayo yalikuwa masomo.

Alirudi kwao mwaka 1900, amekwisha kuwa kasisi, na nyuma yake kuna jamaa wa kumpelekea msaada kutoka ng'ambo. Akanunua ardhi mahali paitwapo Mbombwe, katika Chiradzulu, kiasi cha ekari 93. Akaita mahali pale Providence Industrial Mission, yaani misheni ya kumtegemea Mungu na kufanya kazi za mikono. Sikia neno hilo kununua. Katika Chiradzulu ya siku hizo, mzungu ndiye aliyekuwa na hati ya ardhi, na mwenyeji alikaa kwa radhi yake.

Mwanzo ulikuwa wa shida. Watu hawakumwelewa mtu mweusi aliyevaa suti na kola na kujiita mchungaji. Mwaka 1901 akaja kumsaidia kasisi mweusi wa Marekani, Landon Cheek, na mwaka uliofuata akaja bibi Emma DeLany, naye mweusi wa Marekani, mwalimu. Hao walikaa miaka michache wakaondoka, lakini walikuwa wamekwisha kuuwekea usharika mizizi. Mke wa Chilembwe, Ida, akawafundisha wanawake kushona na kutunza nyumba. Wanaume wakafundishwa kilimo cha kahawa na pamba na kazi ya kufyatua matofali. Pombe ilikatazwa kabisa, jambo ambalo msomaji wangu hatalilaumu. Unadhifu ulikuwa kama nguzo ya dini: mtu wa Mbombwe alitakiwa avae nguo safi, mkewe vivyo hivyo, na watoto waende shule.

Waliokuja wengi hawakuwa watu wa mahali. Tangu mwanzoni mwa karne, Walomwe walikuwa wakivuka mpaka kuikimbia Msumbiji ya Wareno, na huku Nyasaland wakapangishwa katika mashamba ya wazungu. Walikuwa wageni wasio na jumbe wa kuwasemea, na usharika ukawa ndio ukoo wao. Kufikia mwaka 1912 misheni ilikuwa na shule saba zilizotawanyika, na wanafunzi wapatao elfu moja. Kisha kati ya 1911 na 1913 wakajenga kanisa kubwa la matofali ya kuchoma. Matofali hayo waliyafyatua wenyewe, wakayapanga wenyewe, na jengo likasimama jeupe penye macho ya wazungu wa mashamba ya jirani.

Ipo picha ya mwaka 1914, iliyopigwa wakati wa kufunguliwa kwa kanisa hilo. Chilembwe amesimama na Mwingereza mwenzake katika Ubatisti, John Chorley, na wote wawili wamevaa kofia. Leo huoni neno hapo. Wakati ule Mwafrika alitakiwa avue kofia mbele ya mzungu, na wako waliopigwa kwa kusahau.

Sasa twende kwa jirani. Kupakana na Mbombwe lilikuwako shamba la Magomero, la jamaa wa Bruce, warithi wa David Livingstone yule msafiri. Lilikuwa na zaidi ya ekari 160,000. Mkubwa wake alikuwa Alexander Livingstone Bruce, mjukuu wa msafiri, na msimamizi wake aliitwa William Jervis Livingstone. Palipo na majina hayo ungetarajia huruma, kwani mzee yule alikufa akipiga vita biashara ya watumwa. Lakini katika Magomero palikuwa na desturi iitwayo thangata. Neno hilo asili yake ni kusaidiana, kama vile wakulima wanavyoalikana shambani. Wazungu wakaligeuza likawa kodi ya kukaa: mtu hufanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya kibanda chake, na mwezi mwingine kwa ajili ya kodi ya serikali. Na katika vitendo miezi hiyo ilirefuka, tena iliangukia wakati wa mvua, siku zile zile ambazo mtu alipaswa kulima chakula cha watoto wake. Mwenye kupanga pamba ya bwana hakuvuna mahindi yake.

Bruce hakutaka shule wala kanisa katika ardhi yake. Watu wa usharika waliokaa mle shambani walijenga vibanda vya kusalia, na msimamizi Livingstone akavitia moto. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu aweza kuvumilia kiboko na akavumilia mshahara mdogo. Lakini nyumba ambayo watu waliiinua kwa miti na nyasi ili wamtaje Mungu ndani yake, mwengine akaichoma kwa kuwa ardhi ni yake, hapo pana kidonda kisichopona kwa dawa ya kawaida. Sisi nasi tungehisi hivyo kwa msikiti wa makuti.

Mwaka 1913 ikaja njaa. Wakati huo Chilembwe mwenyewe alikuwa amechoka. Alikuwa akisumbuliwa na pumu, macho yake yalikuwa yakififia, binti yake alikufa, na madeni yalimzonga kwa sababu ya kanisa lile kubwa. Wako wanahistoria wanaotaka kuyaeleza yote yaliyofuata kwa madeni hayo na maradhi hayo. Mimi siwafuati. Madeni humtia mtu aibu, lakini hayawatii mamia ya watu mikuki mikononi.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vya wazungu vikaanza. Nyasaland ilipakana na Tanganyika ya Wajerumani, na tarehe 9 Septemba wakapigana Karonga, kaskazini mwa ziwa. Askari wa KAR waliokufa pale upande wa Waingereza walikuwa weusi wengi. Si mara ya kwanza. Watu wa Nyasaland walikuwa wamekwisha kupelekwa kufa hata Somalia, katika vita na Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambapo kikosi kizima cha KAR kilikaribia kumalizika Gumburu mwezi wa Aprili 1903. Na juu ya askari kulikuwa na wachukuzi, ambao kule waliitwa tengatenga na huku kwetu wakaacha jina la Kariakoo katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Hakuna anayejua makaburi yao yote.

Mwezi wa Novemba Chilembwe akaandika barua kwa gazeti la nchi, kwa niaba ya wenziwe. Akauliza kwa nini maskini wasiokuwa na faida yoyote katika vita hivi waitwe kufa, ilhali wakati wa amani hawaitwi katika jambo lolote jema; akataka matajiri na wenye mashamba waende wao. Ni barua ya adabu na ya uchungu pamoja. Serikali ikaizuia isisomwe.

Hapo mlango wa maneno ukafungwa, na Chilembwe akaufungua mwingine. Alituma barua Tunduru kwa Wajerumani kuomba msaada, na jibu lao halikumfaa kitu. Naona hilo lilikuwa kosa katika hesabu zake. Wajerumani ndio waliowateketeza watu wa Songea na Kilwa kwa njaa na bunduki katika Majimaji, miaka minane tu kabla ya hapo. Mwenye kumkimbia chui asiombe hifadhi kwa simba.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Januari 1915, watu wake wakatoka. Kundi moja lilikwenda Magomero. Wakamuua William Jervis Livingstone ndani ya nyumba yake, wakamkata kichwa, na wakawaua wazungu wengine wawili wa mashamba yale, Duncan MacCormick na Robert Ferguson. Wanawake na watoto wa kizungu walichukuliwa na kutembezwa, kisha wakaachiliwa bila ya kudhuriwa hata mmoja, kwa kuwa Chilembwe alikuwa ameamuru wasiguswe. Walio na elimu ya dini yetu wanakumbuka mafunzo ya kale waliyopewa majeshi ya Kiislamu kuhusu wanawake, watoto na watawa. Amri ya kasisi huyu ilikaa karibu na mafunzo hayo, na watu wake wenye hasira ya miaka kumi na tano waliitii. Hilo nalihesabu upande wake.

Lakini yako mengine nisiyoweza kuyahesabu upande wake. Asubuhi ya Jumapili ibada ilifanywa katika kanisa lile la matofali, na kichwa cha Livingstone kikawekwa juu ya mti. Nyumba ya ibada haifai kitu hicho, awe aliyeuawa alikuwa dhalimu wa namna gani. Na siku ya tarehe 26 wengine wakaichoma misheni ya Wakatoliki ya Nguludi, wakamjeruhi padri Swelsen, na mtoto mmoja wa kike akafa katika moto. Mtoto huyo hakuwa na shamba wala hakumtoza mtu thangata. Wanaoandika habari za Chilembwe kwa kumsifu tu humruka mtoto huyu kama dimbwi la maji njiani.

Kundi lililokwenda Blantyre, likiongozwa na David Kaduya, aliyekuwa askari wa KAR zamani, halikufanikiwa. Walipata bunduki chache tu katika ghala la kampuni ya African Lakes. Nchi haikuinuka kama walivyotaraji. Wayao Waislamu, ambao serikali iliwaogopa kuliko Wakristo, walikaa kimya wengi wao. Na askari wa KAR waliobaki, Waislamu wakiwemo, ndio waliotumwa kuizima fitina. Tarehe 26 Januari Mbombwe ikatekwa.

Kisha serikali ikaleta baruti, ikalilipua lile kanisa. Nimeona maelezo ya picha yake: kuta zilizopasuka na vumbi. Livingstone alichoma vya nyasi, serikali ikavunja cha matofali.

Chilembwe alikuwa akielekea mpaka wa Msumbiji, upande wa Mulanje, alipopigwa risasi na polisi weusi tarehe 3 Februari 1915. Watu wapatao 40 walihukumiwa wakauawa, wengine mbele ya macho ya watu ili iwe onyo, na kiasi cha 300 wakafungwa. Mwaka 1916 tume ya serikali ilitoa taarifa yake, ikakiri ubaya wa msimamizi wa Magomero na wa desturi ya thangata, ila lawama kubwa ikawatupia makasisi weusi na shule zao. Thangata yenyewe ikaendelea miaka mingi.

Msomaji atauliza: na usharika je? Hapa ndipo habari hii inaponipendeza. Katika watoto waliosomeshwa na bibi DeLany alikuwako mvulana aitwaye Daniel Malekebu. Bibi huyo alipoondoka, mvulana alimfuata kwa miguu mpaka Beira, kisha kwa meli mpaka Marekani. Akasoma, na mwaka 1917 akawa daktari wa utabibu. Wazungu walipokuwa wakiibomoa misheni yake, yeye alikuwa mbali akijifunza kuponya. Alipotaka kurudi kwao na mkewe Flora, mzaliwa wa Kongo, serikali ya Nyasaland ikamkatalia. Jina la Mbombwe lilikuwa bado linawatia homa. Wakangoja miaka mitano, wakifanya kazi Liberia.

Mwaka 1926 akaruhusiwa. Akaikuta Mbombwe ni majani. Waliosalia walikuwa wamesali kwa siri ama wamejificha katika makanisa ya wengine kwa miaka kumi na moja. Wakakusanyika tena. Malekebu akafungua zahanati, akafungua shule, na wakaanza kufyatua matofali upya. Kanisa jipya, kubwa kuliko la kwanza, likamalizika mwaka 1933 katika ardhi ile ile. Hakuwa mtu wa bunduki. Aliishi na serikali kwa tahadhari, na vijana wa siasa wakamwona mpole mno. Hata hivyo usharika uliokuwa umefutwa kwa amri ukaenea chini ya mkono wake, ukavuka mipaka kwenda Msumbiji na Rhodesia, na mwaka 1945 ukapata jina la African Baptist Assembly. Malekebu alikufa mwaka 1978, ameiona nchi yake huru kwa miaka kumi na minne.

Malawi huru imemweka Chilembwe katika noti zake, na tarehe 15 Januari kila mwaka ni siku yake, watu hawaendi kazini. Mwaka 2022 msanii wa Kimalawi, Samson Kambalu, aliisimamisha ile picha ya mwaka 1914 kama sanamu katika uwanja wa Trafalgar, London, ikakaa pale mpaka 2024. Kasisi alifanywa mkubwa kupita kiasi, Chorley akafanywa wa kimo cha kawaida, na wote wawili wana kofia zao.

Kaburi lake halijulikani. Waliomwua walimzika mahali wasipopaweka alama, ili watu wa Mbombwe wasipate pa kwenda kumzuru.